Kila akitoka chini anaumwa, na ameniapisha nisiseme

SWALI

Assalamu alaikum Bibi,

Nina miaka 36, naishi Pemba, mama wa watoto wanne. Nakuandikia usiku wakati wote wamelala, maana mchana sina pembe ya kukaa peke yangu. Naomba usitoe jina langu wala la kijiji chetu, huku kila mtu anamjua mwenzake.

Mume wangu ni mzamiaji, na kuzamia kakurithi. Baba yake alizamia kwa pumzi ya kifua mpaka uzee ukamtoa majini, akitafuta chaza, pweza na kamba. Yeye mwenyewe alianza hajabaleghe. Tulipooana alikuwa akitoka na ngalawa alfajiri, adhuhuri yumo nyumbani, na sikuwahi kumsikia akilalamikia kitu zaidi ya masikio.

Miaka sita nyuma alikuja tajiri mmoja na boti, mitungi ya hewa na mashine ya kuijaza, akitaka watu wa kumtolea majongoo ya bahari. Jongoo mchanga wa maji mafupi walikuwa wamekwishaokotwa. Waliobaki ni wakubwa wa maji marefu, pauni na spinyo mama, na huko kwa pumzi ya kifua utafika lakini hutokaa. Hakuna aliyewafundisha. Walipewa mtungi, wakaonyeshwa namna ya kutia mpira mdomoni, wakaambiwa hewa ikianza kuwa nzito kuvuta, panda. Siku hizi anashuka pima kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku.

Sikufuru neema, Bibi. Mabati ya nyumba hii yametokana na majongoo, na watoto wanakwenda skuli wamevaa viatu. Ila tangu mwaka juzi akirudi bega la kulia linamuuma hata shati namvua mimi. Mara nyingine ngozi ya tumbo inamuwasha na kutoka mabaka. Namchua kwa mafuta ya karafuu, analala, asubuhi anasema kapoa. Siku nyingine anashika kichwa na kusema hewa ya leo ilikuwa na ladha ya moshi.

Maji mafu ya mwezi uliopita ndiyo yaliyonitisha. Alirudi magharibi akishika ukuta. Baada ya Isha akaniambia miguu haisikii, tangu kiunoni kushuka chini, kama si yake. Usiku kucha alitaka haja ndogo isitoke. Nikasema twende hospitali, akakataa. Mama yake akaja na mganga, ikasemwa kapigwa na upepo wa baharini, jini kamtaka. Wakamfukiza, wakamsomea. Siku ya pili haja ikatoka, ya tatu akasimama, na wote wakashukuru. Lakini mimi naona bado. Mguu wa kushoto anauburuta. Na wiki iliyopita nilimwekea maji ya moto kwenye beseni akande miguu, sijayachanganya na ya baridi. Wa kulia aliutoa kwa ukelele. Wa kushoto akauacha humo humo, anaendelea kuniuliza habari za skuli, mpaka nilipouvuta mimi. Ngozi ilikuwa imeiva.

Usiku ule ndipo aliponieleza. Kumbe bega likimuuma botini huvaa mtungi mwengine akarudi chini, na huko maumivu huondoka kabisa, kama yamefutwa. Ndiyo maana naye anaamini maneno ya mganga: bahari inamtaka, inamuumiza akiwa juu na kumwachia akiwa chini. Kisha akaniapisha kwa msahafu nisimwambie tajiri, wala kaka yake, wala mtu yeyote wa botini. Mzamiaji mgonjwa nafasi yake hupewa mwengine, na sisi tuna deni la tajiri la milioni moja na laki nane. Tangu hapo hajazama, lakini mwezi ujao boti linatoka na amesema atakuwemo.

Nikimwambia apumzike ananijibu hivi: "Kasa anavuta pumzi kama mimi. Pomboo anavuta pumzi kama mimi. Wanazama na kupanda kutwa. Kama kuzama kunalemaza, pwani hii ingejaa kasa viwete." Sina la kumjibu.

Na kuna mwanangu wa kwanza, miaka 15. Yeye na wenziwe wanashindana dikoni nani atakaa chini zaidi. Wanahema haraka haraka kama mbwa mwenye joto, kisha wanazama na mmoja anahesabu. Juzi aliibuka, akatabasamu, kichwa kikamwangukia majini. Wakamvuta. Akacheka, na baba yake akacheka kwa fahari. Anasema akimaliza mwaka huu ataingia botini.

Mimi nina genge la soda na mandazi na nalima mwani. Haitoshi. Bibi, nivunje kiapo? Nikikaa kimya nitakuja kumuuguza kitandani maisha. Nikisema nitakuwa mke aliyemtolea mumewe siri na kumkatia riziki. Na je, huu ni ugonjwa au ni jini?

Mama Wanne, Pemba

JIBU

Wa alaikum salaam, mwanangu.

Nilipofika kwenye lile beseni niliiweka barua chini kidogo. Nilikuwa muuguzi miaka 31, mingi katika hiyo nikiwa kwenye hospitali za pwani, na mguu usiojua moto nimeuona kwa wazamiaji zaidi ya mmoja. Walikuwa wakiletwa siku ya tatu, ya nne, baada ya kuchuliwa na kufukizwa, na wengi walikuwa wamebebwa. Wako anatembea. Nashukuru kwa hilo pamoja nawe, na ndiyo sababu naandika kwa haraka: mambo mengi ya barua yako yanaweza kungoja mwezi, mguu hauwezi.

Umeniuliza juu ya kiapo. Nikikusoma naona umebeba zaidi ya kiapo. Una mume aliyeumia asiyetaka kuitwa mgonjwa, una deni linaloamua nani apande boti, una kijana anayejifunza kwa baba yake kwamba pumzi ni kitu cha kushindania. Na juu ya yote hayo umeachwa peke yako na habari ambayo ingetakiwa kubebwa na watu wanne au watano.

Nianze na ugonjwa, maana ukiuelewa utakuwa na la kumjibu.

Hewa hii tunayovuta, karibu sehemu nne katika tano ni nitrojeni, ambayo mwili hauna kazi nayo. Inaingia na kutoka. Lakini maji yana uzito. Kila mita 10 unazoshuka, shinikizo la juu ya mwili linaongezeka kwa kiasi kile kile cha hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Pima kumi na tano ni kama mita 27. Huko, kila pumzi anayoivuta mume wako kwenye mtungi inaingia kifuani ikiwa imebanwa karibu mara nne ya hewa ya barazani kwako. Nitrojeni ikibanwa hivyo huyeyukia kwenye damu, kwenye mafuta, kwenye uti wa mgongo, na kadiri anavyokaa ndivyo inavyozidi kujaa.

Wewe una genge la soda, kwa hiyo jambo hili umelishika mkononi mara elfu. Gesi imo ndani ya chupa na huioni. Ukikilegeza kizibo polepole inazomea kidogo na kuisha. Ukikifungua kwa pupa baada ya chupa kutikiswa, inafura mpaka kwenye kaunta. Mume wako ni chupa inayofunguliwa kwa pupa mara nne kwa siku, kwa sababu aliambiwa apande hewa ikianza kwisha, na mtu ambaye hewa inamwishia hapandi polepole. Tena akishuka adhuhuri, ya asubuhi haijamtoka yote. Povu likikaa kwenye bega, ni maumivu. Likikaa kwenye ngozi, ni mabaka na muwasho. Likikaa kwenye uti wa mgongo, miguu inakufa ganzi, kibofu hakifungui, na mguu haujui tena kama maji ni ya moto au baridi. Yote umeniandikia wewe mwenyewe, kwa mpangilio ule ule ambao daktari angeuliza.

Na lile la maumivu kufutika akirudi chini ni kweli tupu, hakukudanganya. Akishuka, shinikizo linayabana mapovu yanakuwa madogo, na bega linanyamaza. Ila wakati linanyamaza anavuta nitrojeni nyingine juu ya ile ya kwanza, na akipanda anapanda na zaidi. Naelewa kabisa mtu aliyepitia hayo kusema bahari inamtaka. Kama ningekuwa mimi, sina mtu wa kunieleza, ningesema hivyo hivyo. Madaktari nao hutumia njia hiyo ya kumrudishia mgonjwa shinikizo, lakini humweka ndani ya chumba cha chuma kikavu, anavuta oksijeni safi, na humpunguzia shinikizo kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Kuifanya kwa mtungi wa hewa baharini ndiko kunakompeleka mtu kutoka kwenye bega kwenda kwenye miguu.

Jambo hili halijulikani tangu jana. Mwaka 1908 mwanasayansi Mskoti John Scott Haldane na wenzake walitoa jedwali la kwanza la namna ya kupanda kwa vituo, baada ya kuwajaribu mbuzi ndani ya chumba cha shinikizo. Mbuzi aliyepandishwa haraka walimjua kwa kumtazama tu: alisimama akiuinua mguu mmoja wa mbele, hataki kuukanyagia. Sijui kwa nini picha hiyo ya mbuzi hainitoki kichwani kila nikisikia habari ya mzamiaji anayevuliwa shati na mkewe.

Wazamiaji wanaofundishwa, kwa kina cha mita 30, safari ya kwanza ya siku huruhusiwa kama dakika 20 hivi. Hupanda si zaidi ya mita 9 au 10 kwa dakika, na wakifika mita 5 husimama dakika tatu kabla ya kutoka. Mume wako hakupewa hata moja ya hizo. Nataka ulijue hili na yeye alijue: mwili wake si dhaifu, na hakuna alichokosea kwa uzembe. Alipewa chombo bila elimu yake.

Sasa hoja yake ya kasa. Naipenda hoja hiyo, imetoka kwa mtu anayeitazama bahari kwa macho yake. Na nusu yake ni sahihi. Kasa, pomboo na nguva hawana matamvua, wanavuta pumzi kama sisi. Nyangumi wenye nundu wanaopita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba nao ni hivyo hivyo. Wako wakali kuliko hao: yule aitwaye nyangumi wa Cuvier amewahi kupimwa akifika karibu mita 3,000, na mwingine wa aina hiyo hiyo alikaa chini dakika 222 bila kupanda. Lakini mwulize mume wako swali moja: kasa akiwa chini, anavuta hewa kutoka wapi?

Havuti. Anashuka na pumzi aliyoivuta juu, basi. Nyangumi hategemei hata hiyo sana. Oksijeni yake kaiweka kwenye damu na kwenye misuli, ndiyo maana nyama yake ni nyeusi vile, na akienda chini mapafu yake hujikunja, hewa iliyobaki ikasukumwa mahali ambapo haiwezi tena kuingia kwenye damu. Moyo nao hupunguza mwendo. Mnyama huyo ana kiasi kidogo tu cha nitrojeni cha kuhangaika nacho. Mume wako ana mtungi mzima, na kila pumzi inaongeza. Aliyezama kama kasa ni baba mkwe wako, pumzi moja kwenda na kurudi, na wewe mwenyewe umeniambia mzee yule alitolewa majini na uzee.

Tena kasa viwete wapo. Mwaka 2014 watafiti wa Hispania waliandika habari za kasa duvi waliokuwa wakinaswa na nyavu za wavuvi kule Valencia. Walipandishwa juu wakiwa hai, kisha wakazidiwa. Walipopigwa picha walikutwa na mapovu ya gesi mwilini, ugonjwa ule ule wa wazamiaji, na waliotiwa kwenye chumba cha shinikizo walipata nafuu. Kasa anayejiamulia mwenyewe kupanda anajua mwendo wake. Kasa aliyefungwa na wavu akahangaika chini, kisha akavutwa, mwendo si wake tena. Mwaka 2002 nyangumi kadhaa walikwama kwenye visiwa vya Canary wakati wa mazoezi ya manowari, na waliopasuliwa walikutwa na alama za mapovu vile vile. Sauti za vyombo vile zinadhaniwa ziliwavuruga wakapoteza mpangilio wao wa kuzama. Mwambie hayo. Nadhani atakaa kimya kidogo, maana yeye anajua nani anayeushika mwendo wake siku hizi, ni yeye au ni mtungi na deni.

Na jongoo mwenyewe, anayeokotwa kwa taabu yote hii? Wakati mmoja kijana wa jirani aliniletea mmoja nikamweka kwenye ndoo ya maji ya bahari, nikakaa naye karibu nusu saa. Mtu atadhani ni gogo. Ukitulia utaona tundu lake la nyuma linafunguka polepole, linafumba, linafunguka tena, maji yanaingia na kutoka. Huko ndiko anakovutia pumzi. Ndani ana mirija iliyotawanyika kama matawi ya mti. Maji yanampa pumzi pale pale alipo, hana safari ya kwenda juu. Sisi ndio wenye safari hiyo.

Liko moja zaidi ambalo mzamiaji wa kurithi lazima aambiwe. Kwa pumzi ya kifua, kuizuia pumzi ndiyo ustadi. Kwa mtungi, kuizuia wakati wa kupanda kunaweza kuua, kwa sababu hewa iliyobanwa inatanuka kadiri unavyopanda na mapafu hupasuka, hata kwa kina cha mita chache. Na ile ladha ya moshi si ya kupuuza: mashine ikivuta moshi wa injini yake yenyewe, mtungi unajazwa sumu isiyoonekana, na huko chini shinikizo huiongezea nguvu. Bomba la kuvuta hewa liwekwe upande upepo unakotoka, mbali na moshi. Hilo halihitaji fedha.

Nirudi kwako. Unadhani mumeo hasikii. Mimi namsoma vingine: mtu asiyeogopa haapishi mtu. Aliyekutolea msahafu usiku ule alikuwa na hofu kubwa kuliko yako, na pengine alichokuwa anakuomba ni mtu mmoja wa kuogopa naye. Ukimwendea kwa "acha kazi", atasikia njaa na deni. Ukimwendea kwa "najua kwa nini bega linapona chini", huenda ukamkuta mtu mwengine.

Pia unaona njia mbili tu, kusema au kunyamaza. Tazama kiapo chenyewe: umenitajia tajiri, kaka yake na watu wa botini. Daktari hukunitajia, na daktari ana amana ya siri za wagonjwa wake. Kumshawishi aende naye hakuvunji neno lako, na kidonda cha moto mguuni ni sababu ya kutosha ya kutoka nyumbani bila mtu kuuliza. Aeleze akiwa huko habari ya kuzama, ya ganzi na ya haja ndogo. Aombe bega lipigwe eksirei, kwa kuwa wazamiaji wa miaka mingi wengine mfupa wa bega au nyonga hufa kimya kimya. Amechelewa, na nafuu hupungua kadiri siku zinavyokwenda, lakini bado kuna cha kupima na cha kusaidia. Kabla ya hapo kumrudisha majini na mguu ule ni hatari ambayo siwezi kuipaka rangi nyingine, na watu atakaoshuka nao wana haki ya kutokuwa na mwenzao asiyeweza kupiga mguu.

Unaweza kumwomba akufungue kiapo mwenyewe, au amwambie kaka yake kwa mdomo wake, nawe umekaa pembeni. Akikataa, mwendee sheikh unayemwamini. Masheikh hufundisha kwamba aliyeapa kisha akaona lenye kheri zaidi hulifanya na kutoa kafara. Mimi si wa kukuamulia hapo. Faida ya kusema ni kwamba mzigo utagawika na kaka huenda akazungumza deni na tajiri kwa sauti ambayo wewe huna. Hatari yake unaijua: anaweza kukosa nafasi, na anaweza kukukasirikia muda mrefu. Jingine la kupimia ni wake za wazamiaji wenzake. Ningeshangaa kama bega la mumeo ndilo pekee linalochuliwa usiku kijijini kwenu. Unaweza kuanza na mafuta ya karafuu tu, bila kutaja mtu. Zikisikika nyumba tatu nne zenye mafuta hayo hayo, jambo linakuwa la boti zima: kamba yenye mafundo ya kupandia polepole, kusimama kabla ya kutoka, safari mbili badala ya nne, mtungi wa oksijeni botini. Tajiri anaweza kugoma. Lakini kumfukuza mmoja ni rahisi kuliko kufukuza wote.

Kwa riziki, wewe tayari una mwani. Kituo cha Beit el Ras kule Unguja huzalisha vifaranga vya jongoo mchanga, na wapo wanaofuga kwenye uzio wa maji mafupi. Sitakupamba: hukua kwa miezi mingi, na wezi hupenda usiku wa maji kupwa. Haitolipa deni mwaka huu. Ni kazi tu ambayo mtu anayelijua jongoo anaweza kuifanya akiwa amesimama, maji yako magotini.

Mama mkwe usimgombanishe na hospitali. Kisomo kiendelee, na mguu uende kwa daktari. Nimeona jamaa wengi wakifanya yote mawili bila mtu kuvunjiwa heshima. Kinachodhuru ni siku zinazopita katikati.

Na kijana. Hapa nakuomba usingoje baba yake akubali. Kiu ya kuvuta pumzi haitokani na kupungua kwa oksijeni, inatokana na kujaa kwa hewa ya ukaa. Wanapohema haraka haraka wanaitoa hewa ya ukaa mapema, wanaizima kengele, lakini oksijeni hawajaiongeza kitu cha maana. Basi mtoto anakaa chini hana dhiki yoyote, anatabasamu, kisha anazimika. Alichofanya mwanao dikoni ndicho hicho, na kama wenzake wangekuwa wanatazama kando asingevutwa. Wasiheme kabla ya kuzama. Mmoja awe chini, mmoja awe juu anatazama, na aendelee kumtazama mwenzake nusu dakika baada ya kuibuka. Mwanao ana damu ya wazamiaji, simnyimi hilo. Kuna jamii ya Bajau kule Indonesia ambao uchunguzi wa mwaka 2018 uliwakuta na wengu kubwa kwa asilimia 50 kuliko majirani zao, kwa vizazi na vizazi vya kuzamia, na wengu ndiyo ghala la damu ya akiba. Hata hao huzimika. Labda babu yake, kama yu hai, ndiye wa kumfundisha. Mtoto anayemcheka mama huweza kumsikiliza mzee aliyetoka salama.

Ikitokea tena, ganzi au haja kufunga: mlaze chali sawasawa, asikae, asirudi majini hata akililia. Oksijeni safi haraka kuliko kitu kingine, na hospitali usiku huo huo. Vyumba vya shinikizo ni vichache mno pwani hii, kwa hiyo kabla boti halijatoka waulize wanaozamisha wageni kwenye mahoteli ya huko kwenu kipi kinafanya kazi na namba yake ni ipi, uiandike ukutani.

Usiku wa leo, kama amekaa vizuri, usimwulize ataacha lini. Mwulize siku ile, baada ya kupanda, alianza kuhisi nini: ganzi, maumivu au haja? Na jua lilikuwa wapi? Na alishuka mara ngapi, pima ngapi? Yaandike kwenye daftari la mtoto, uchane karatasi hiyo, uende nayo kwa daktari. Kisha niandikie.